Kushirikishana Data za Utafiti: Mafunzo kutoka Rungwe

Mwanafunzi atokaye Kisondela, mojawapo ya kata za wilaya ya Rungwe, hukanyaga kila siku udongo uliotokana na volkano. Katika udongo wa namna hiyo wakulima wa wilaya hupanda migomba, chai na kahawa. Shuleni, mwalimu wa jiografia humweleza mwanafunzi huyo habari za Bonde la Ufa. Mwalimu wa kemia humweleza madini yaliyomo udongoni. Mwalimu wa bayolojia humweleza mimea iotayo humo. Na mwalimu wa historia humweleza watu walioulima. Masomo hayo manne yana vipindi mbalimbali na madaftari mbalimbali, hata mwanafunzi huyaona kana kwamba hayana udugu. Lakini udongo wenyewe ni mmoja.

Hali hiyo ya darasani huwakabili watafiti pia. Kila tawi la sayansi lina vifaa vyake, majarida yake na lugha yake. Mtafiti mmoja anaweza kupima jambo lenye thamani kubwa kwa mtafiti wa tawi jingine, na vipimo vyake vikabaki kabatini mpaka karatasi zikaliwa na mchwa. Somo hili laeleza jinsi data za utafiti zinavyoshirikishwa baina ya matawi ya sayansi, faida ipatikanayo, masharti yanayohitajika, na deni linalobaki. Mifano yake mikuu imetoka katika milima ya Rungwe.

DATA NA MATOKEO

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Data ni vipimo na maelezo yaliyokusanywa kabla ya kufasiriwa. Matokeo ni maana ambayo mtafiti ameipata baada ya kuzichambua data hizo. Mtu akiandika kwamba siku fulani ilinyesha mvua ya milimita 42, hiyo ni data. Akiandika kwamba masika ya mwaka huo yalichelewa, hayo ni matokeo.

Tofauti hiyo ina uzito. Matokeo hujibu swali aliloliuliza mtafiti mwenyewe. Data zaweza kujibu pia maswali ambayo mtafiti huyo hakuyafikiria. Rekodi moja ya mvua yaweza kumsaidia mkulima wa chai, mganga achunguzaye malaria, mhandisi ajengaye daraja, na mtaalamu wa maziwa. Kwa hiyo mtafiti anayetangaza matokeo peke yake, akazificha data, huwapa wenzake tunda bila mbegu.

Data huria ni zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata, kuzitumia na kuzisambaza tena, kwa sharti la kumtaja aliyezikusanya. Wazo hili si geni. Katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, yaani 1957 hadi 1958, mataifa mengi yalikubali kuweka vipimo vyao vya bahari, anga na ardhi katika vituo vya data vya dunia, ili wanasayansi wa nchi zote wavitumie.  Maafikiano mapana zaidi yalipatikana mwezi Novemba 2021, nchi wanachama wa UNESCO zilipopitisha Pendekezo kuhusu Sayansi Huria.

TOPE LA ZIWA MASOKO

Katika wilaya hiyo hiyo ya Rungwe liko Ziwa Masoko, liitwalo pia Kisiba. Ni ziwa dogo la duara lililomo ndani ya shimo la volkano. Kipenyo chake ni kama mita 700, na kina chake chakaribia mita 40. Husimuliwa kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walitupa humo fedha na silaha zao. Ikiwa hazina hiyo ina thamani, tope lililo chini yake lina thamani kubwa zaidi kwa sayansi.

Ziwa Masoko halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Yanayolifikia hutoka kwenye kingo za shimo lake, chini ya ardhi au angani: maji ya mvua, vumbi, majani makavu, chavua ya maua, na majivu ya volkano. Vitu hivyo huzama vikatulia chini, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo tope la ziwa hilo ni mfano wa daftari ambalo kila zama imeliandika ukurasa wake, ukurasa wa kale ukiwa chini na wa karibuni ukiwa juu.

Katika miaka ya 1990 watafiti walishindilia mabomba katika tope hilo na kutoa nguzo ndefu za tope zenye kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000. Nguzo hizo zilisomwa na wataalamu wa matawi mbalimbali:

Wataalamu wa sumaku walipima chembe za madini ya chuma. Wingi na hali ya chembe hizo huonyesha jinsi udongo ulivyomomonyoka kingoni na jinsi maji ya ziwa yalivyobadilika.

Wataalamu wa mimea walihesabu chembe za chavua kwa hadubini. Chavua ya miti ya msitu wa mvua hutofautiana na ile ya miti ya miombo, na zote mbili hutofautiana na ile ya majani. Kutokana nazo hujulikana uoto uliolizunguka ziwa.

Wataalamu wa viumbe wadogo wa majini walichunguza daiatomu, yaani mimea midogo mno yenye magamba kama ya kioo. Kila aina ya daiatomu hupenda maji ya hali fulani.

Wataalamu wa volkano walichunguza matabaka ya majivu. Wataalamu wa kaboni-14 nao walipima umri wa mabaki ya mimea yaliyomo.

Sasa na tuseme mtaalamu wa chavua ameona kwamba katika kina fulani chavua ya miti imepungua ghafula. Jambo gani lililoiondoa miti? Yaweza kuwa ukame, moto, mlipuko wa volkano, au shoka la mkulima. Hadubini yake peke yake haiwezi kumjibu. Lakini ikiwa katika kina hicho hicho mwenzake amekuta tabaka nene la majivu, mlipuko utashukiwa kwanza. Ikiwa daiatomu zaonyesha maji yalipungua, ukame utashukiwa. Ikiwa hakuna majivu wala dalili ya ukame, na badala yake kuna ongezeko la udongo uliomomonyoka, mkono wa binadamu utashukiwa. Jibu limo katika kuzilaza data za wote sambamba, wala halimo katika data ya mmoja.

Hivi ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 2003 Annie Vincens na wenzake walichapisha uchunguzi wa chavua ya Masoko wa miaka 4,200 iliyopita, na swali lao kuu lilikuwa hilo hilo: je, mabadiliko ya uoto yalitokana na hali ya hewa, au na watu, au na vyote viwili? Baadaye Yannick Garcin na wenzake walichunguza miaka 500 ya mwisho, wakaona katika tope hilo alama za mabadiliko ya jua pamoja na alama za kazi za binadamu.

Ushirikiano huo ulitegemea jambo moja dogo ambalo ni rahisi kulidharau: wote walihitaji kutumia kipimo kimoja cha kina. Laiti mmoja angaliuhesabu urefu kuanzia uso wa maji, na mwingine kuanzia juu ya tope, wangetofautiana kwa makumi ya mita, na ukurasa wa mmoja ungewekwa mbali na ukurasa wa mwenzake.

MAJIVU YA MLIMA NA MASIMULIZI YA WAZEE

Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, ni volkano iliyolala. Karen Fontijn na wenzake walipima unene wa tabaka moja la mawe mepesi ya pumisi mahali pengi kuuzunguka mlima huo. Tabaka hilo lilitokana na mlipuko mkubwa uliotokea miaka ipatayo 4,000 iliyopita. Kwa kawaida upepo husukuma majivu upande mmoja, tabaka likawa nene upande huo na jembamba upande wa pili. Lakini tabaka la Rungwe limeenea karibu sawasawa pande zote. Kutokana na umbo hilo, katika taarifa yao ya mwaka 2011 watafiti hao walieleza kwamba mlipuko ulitokea wakati upepo ulipokuwa hafifu mno, na kwamba nguzo ya majivu ilipanda zaidi ya kilomita 30 angani. Hivyo vipimo vya unene wa mawe ardhini vimekuwa pia habari za hali ya hewa ya siku moja ya kale.

Habari hizo si za udadisi mtupu. Maelfu ya watu huishi katika miteremko ya milima hiyo, na mlima ambao umelipuka mara kadhaa unaweza kulipuka tena. Anayepanga njia za kuokoa watu hana budi kujua majivu yalifika wapi zamani, kwa unene gani, na upepo wa majira yapi huelekea wapi. Hapo data za volkano zisipokutana na data za hali ya hewa na za idadi ya watu, mpango hauwezi kukamilika.

Upande wa kusini-mashariki wa Rungwe uko Mlima Kyejo. Mwaka 1955 mwanajiolojia D. A. Harkin alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records maelezo ya lava ya Sarabwe iliyomwagika kutoka mlima huo. Umri wa lava hiyo ulikadiriwa kwa masimulizi ya wenyeji, yaliyopokewa kizazi kwa kizazi, na mwaka uliopatikana ulikuwa karibu na 1800. Leo makadirio hayo yamo katika orodha ya volkano za dunia itunzwayo na taasisi ya Smithsonian ya Marekani, na mtu yeyote mwenye mtandao aweza kuyasoma. Msomaji aangalie vema safari hiyo. Kumbukumbu ya wazee ni data ya historia, iliandikwa na mwanajiolojia, jarida likaihifadhi, na sasa yawafaa wachunguzi wa volkano wa mataifa yote. Kama isingaliandikwa, ingalizikwa pamoja na wenyewe.

KIMA ALIYEJULIKANA KWA USHIRIKIANO

Mfano wa pili ni wa wanyama. Mapema katika miaka ya 2000, wawindaji wa sehemu za Rungwe walimtaja kwa watafiti kima aitwaye kipunji. Tim Davenport na wenzake, miongoni mwao Watanzania Noah Mpunga na Sophy Machaga, walimfuatilia, na mwaka 2003 wakamwona. Mwaka 2004 Trevor Jones, ambaye hakuwa na habari ya kazi hiyo, alimwona kima wa aina hiyo hiyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Makundi hayo mawili yangeweza kushindana, kila moja likificha data zake ili liwe la kwanza kutangaza. Badala yake yaliunganisha data, na mwezi Mei 2005 yakatoa taarifa moja katika jarida la Science. Kwa kuwa walitegemea picha na sauti bila ya mwili wa mnyama, walimweka katika jenasi ya Lophocebus. Mwaka huo huo kipunji mmoja alikufa katika mtego wa mkulima karibu na Mlima Rungwe. Mifupa yake ilichunguzwa, na DNA yake ikasomwa. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba yeye ni wa jenasi mpya, nayo ikaitwa Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Mambo hayakuishia hapo. Mfuatano wa DNA hiyo uliwekwa katika benki ya data iliyo wazi kwa wote. Mwaka 2009 watafiti wengine waliulinganisha na DNA ya nyani wa sehemu mbalimbali, wakaona kwamba DNA ya mitokondria ya kipunji wa Rungwe inafanana mno na ya nyani wa manjano. Walieleza kwamba yaelekea zamani kipunji na nyani walizaliana. Mwaka 2010 kipunji wa Ndundulu alipochunguzwa, alionekana kuwa na DNA ya mitokondria isiyo ya nyani. Kwa hiyo matokeo ya 2005 yalisahihishwa mwaka 2006, na ya 2006 yakapanuliwa mwaka 2009 na 2010, mengine na watu ambao hawakuwamo katika kazi ya mwanzo. Jambo hilo halikuwavunjia heshima waliotangulia, kwani sayansi husonga mbele kwa njia hiyo. Data iliyofichwa haisahihishwi na mtu, na kosa lake huishi muda mrefu.

MASHARTI YA DATA KUWAFAA WENGINE

Kuweka data mahali pa wazi hakutoshi. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kanuni nne ambazo kwa Kiswahili zaweza kuelezwa hivi: data zionekane, yaani mtu aweze kuzitafuta akazipata, zifikike, yaani njia ya kuzichukua ijulikane, zioane, yaani ziweze kuunganishwa na data nyingine, na zitumike tena, yaani zieleweke hata na mtu asiyemjua aliyezikusanya.

Mfano wa kipimamvua cha shule utafafanua. Na tuchukue shule moja ya Kisondela na nyingine ya Masoko, kila moja ikipima mvua. Ili data zao zioane, hapana budi wakubaliane juu ya mambo haya:

1. Mahali. Jina la shule pekee halitoshi. Latitudo, longitudo na kimo kutoka usawa wa bahari viandikwe.

2. Wakati. Vituo vya hali ya hewa husoma mvua saa 3 asubuhi. Shule moja ikisoma saa 3 asubuhi na nyingine saa 12 jioni, mvua moja itaandikwa katika tarehe mbili.

3. Kizio. Mvua hupimwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Neno "nyingi" si kipimo.

4. Njia. Aina ya kipimamvua, kipenyo cha mdomo wake, na umbali wake kutoka kwenye miti na majengo vitajwe.

5. Siku zisizopimwa. Siku ambayo mvua haikunyesha huandikwa sifuri. Siku ambayo hakuna aliyesoma kipimamvua huachwa wazi na sababu yake huandikwa. Siku isiyopimwa si siku isiyo na mvua. Shule ikijaza sifuri katika siku zote za likizo, mtaalamu atakayesoma daftari hilo baadaye atadhani kulikuwa na ukame kila Desemba.

Rekodi yenye sifa hizo, hata ikiwa ya shule ndogo, ina nafasi katika sayansi. Mtaalamu atakaye kujua maji ya Ziwa Masoko yatoka wapi na yaenda wapi hana mto wa kupima. Hana budi kujua mvua iliyonyesha ziwani na kandokando yake.

MIPAKA YA UWAZI

Si kila data inayofaa kutangazwa kwa ukamilifu wake. Taarifa za wagonjwa huondolewa majina kwanza. Mahali hasa alalapo mnyama adimu huenda pakafichwa ili mwindaji asipewe ramani; kipunji naye aliwahi kuhesabiwa miongoni mwa kima walio hatarini kabisa. Na maarifa ya wenyeji, kama vile dawa za miti, hayafai kuchukuliwa bila ridhaa yao wala bila kuwataja. Kanuni iliyo njema ni kwamba data ziwe wazi kadiri iwezekanavyo, na zifungwe pale tu penye sababu inayoelezeka.

DENI LINALOBAKI

Tope la Masoko lilichunguzwa katika maabara za ng'ambo. Mwili wa kipunji wa kwanza umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Taarifa nyingi za Rungwe zimeandikwa kwa Kiingereza, na baadhi yake husomwa kwa malipo. Hivyo yawezekana msomaji wa Ulaya akaujua udongo wa Rungwe kuliko mwanafunzi anayeukanyaga. Data zikiwa wazi kwa wataalamu wa matawi yote, lakini zisimfikie aliye karibu nazo, ushirikiano umefika nusu ya njia.

Nusu ya pili ni kazi ya taasisi za taifa, vyuo na walimu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti nchini, na kwa hiyo ina nafasi nzuri ya kuhimiza kwamba matokeo yarudi mahali yalikotoka. Mwalimu naye aweza kuanza na kidogo: kuchukua matokeo ya utafiti mmoja wa wilaya yake, kuyaeleza kwa Kiswahili, na kuyafundisha katika vipindi vya jiografia, bayolojia na historia kwa pamoja.

KAZI YA VITENDO

Darasa litengeneze kipimamvua kwa chombo chenye mdomo na kitako cha upana mmoja, likiweke mahali pa wazi, na lipime mvua kwa muhula mzima kwa kufuata masharti matano yaliyotajwa. Mwishoni mwa muhula daftari lipewe darasa jingine ambalo halikushiriki. Ikiwa darasa hilo litaweza kuchora grafu ya mvua bila kuuliza swali hata moja, data zimetunzwa vema. Kila swali litakaloulizwa ni upungufu wa kusahihishwa.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya data na matokeo, kwa mfano mmoja wa wilaya yako.

2. Kwa nini wataalamu wa chavua, sumaku na majivu walihitaji kipimo kimoja cha kina katika tope la Masoko?

3. Tabaka la pumisi la Rungwe lingekuwa na umbo gani kama siku ya mlipuko upepo mkali ungekuwa ukivuma kutoka mashariki?

4. Masimulizi ya wazee yalikuwa na faida gani katika kukadiria umri wa lava ya Sarabwe? Yana udhaifu gani, na tawi gani la sayansi laweza kuyahakiki?

5. Taja data moja ambayo shule yako inaweza kuikusanya, na matawi matatu ya sayansi yatakayoweza kuitumia.